Nyumba ya Mwali Asiyetoka

Katika Uzaramo wa wazee wetu, msichana aliyevunja ungo hakuachwa azurure. Aliwekwa ndani. Alipewa somo wa kumfunda, na makungwi wakaja kumwonyesha namna ya kusema na wakubwa, namna ya kutunza mwili wake, namna ya kuishi na mume na wakwe. Alikabidhiwa mwanahiti, kile kisanamu cha mti, akakilea kama anayelea mtoto. Zamani mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata mwaka na zaidi, mpaka ngozi yake ikang'ara kwa kutoonja jua. Lakini kila mtu katika nyumba ile, kuanzia bibi mpaka mjukuu, alijua jambo moja: mwali huwekwa ndani ili atoke. Siku ya kutolewa ngoma zililia, akapambwa, akaonyeshwa kwa watu, na haikupita muda akawa mke wa mtu na mama wa watoto.

Nimeanza na mwali kwa sababu nataka kuzungumza juu ya nyumba nyingine ya wanawake iliyojengwa katika nchi hiyo hiyo mwaka 1888, juu ya kilima cha Pugu. Msomaji anayetoka Dar es Salaam akipita Gongo la Mboto na kupanda mlima atafika Pugu, na akiendelea mbele kidogo, msitu ukiisha, ataingia Kisarawe. Leo mpaka wa wilaya unapita katikati. Wakati ule hapakuwa na mpaka. Yote ilikuwa nchi ya Wazaramo, iliyotandaa kutoka pwani mpaka karibu na mto Ruvu, upande ambao leo kuna Kibaha na Mlandizi.

Nyumba ninayoisema ilikuwa ya masista. Wanawake wale walivaa mavazi ya kufanana, walifunika vichwa, na walifundisha watoto ambao hawakuwazaa. Waliingia ndani kwa hiari yao na hawakutazamia kutoka. Nikijaribu kujiweka mahali pa bibi mmoja wa Kizaramo aliyewatazama kutoka shambani kwake, naona angewaelewa nusu. Kwamba wanawake wakubwa wanaweza kukaa pamoja wakawafunda wasichana, hilo lilikuwa jambo lake la kila mwaka. Lakini kwamba mwanamke aweza kuwekwa ndani moja kwa moja, asiolewe, asizae, ukoo wake usiongezeke, hilo lingemfanya atikise kichwa. Huyu ni mwali gani asiyetoka?

Masista wa Pugu hawakuwa wa kwanza katika pwani yetu. Mwaka 1860 walifika Unguja mapadre kutoka kisiwa cha Réunion, na pamoja nao masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lina asili inayostahili kukumbukwa. Lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya Ufaransa kufuta utumwa katika makoloni yake, na lilipokea wanawake weupe na weusi, wakiwamo waliokuwa watumwa. Kwa hiyo, miongoni mwa shirika lililoleta masista wa kwanza wa kufundisha katika mwambao huu walikuwamo wanawake waliojua minyororo ni kitu gani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walichukua kazi ile Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo, na masista wakawafuata. Watoto waliowafundisha walikuwa hasa watoto waliokombolewa katika utumwa. Wavulana walifundishwa kilimo na ufundi. Wasichana walifundishwa dini, kushona, kupika na kulima.

Angalia sasa jinsi nyumba ile ya Bagamoyo ilivyofanana na nyumba ya mwali. Msichana alilelewa ndani na masista, na alipofikia umri wa kuolewa alitolewa, akaozwa kijana wa misheni, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Masista walikuwa ndio somo na kungwi. Tofauti ni kwamba mtoto huyu hakuwa na mama wa kumngoja mlangoni siku ya kutoka. Mama yake alibaki bara, mahali ambapo mtoto pengine hakukumbuka tena jina lake. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi tunasimulia habari za misheni kana kwamba zilianza na shule. Hapa pwani zilianza na watoto wasio na kwao.

Turudi Pugu. Padre Andreas Amrhein, Mbenediktini, alianzisha huko Ujerumani mwaka 1884 jumuiya ya wamisionari, na mwaka 1885 wakaanza na wanawake. Hao ndio chimbuko la shirika tunalolijua leo kama Masista Wabenediktini Wamisionari wa Tutzing. Mwaka 1887 Roma iliwakabidhi sehemu ya kusini ya nchi iliyokuwa ikidaiwa na Wajerumani. Mwanzoni mwa 1888 kikosi cha kwanza kilifika: padre mmoja, mabruda na masista wachache. Walipanda kilima cha Pugu, wakafyeka, wakajenga, wakapokea watoto. Masista walikuwa vijana. Lugha hawakuijua, homa ilikuwa ikiwangojea, na kazi yao ilikuwa ile ile ya Bagamoyo: kulea, kufundisha, kuuguza.

Lakini walikuja mwaka mbaya. Aprili 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipata mkataba kutoka kwa Sultani Khalifa wa Unguja wa kuendesha ushuru na utawala wa pwani ya bara kwa jina lake. Agosti mwaka huo watu wa Kampuni walishuka katika bandari kushika madaraka. Waliinua bendera yao, wakadharau maliwali na majumbe, wakataka kusimamia ushuru na ardhi. Pangani ikawaka, na moto ukaenea mji kwa mji. Abushiri bin Salim akawa kiongozi anayejulikana zaidi katika vita vile, ingawa waliopigana walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na sababu yake: mfanyabiashara aliyeogopa kupoteza mali na watumwa wake, jumbe aliyetwezwa mbele ya watu wake, mkulima aliyeona wageni wakija kupima shamba. Kufikia Desemba manowari za Ujerumani na Uingereza ziliizingira pwani.

Tarehe 13 Januari 1889, wapiganaji waliivamia misheni ya Pugu. Mabruda wawili waliuawa, Petrus Michl na Benedikt Kantwerk, na pamoja nao Sista Martha Wansing. Wengine walitekwa wakapelekwa mateka, na nyumba zikachomwa. Nyumba ya kwanza ya masista katika milima ya Kisarawe ilikuwa imedumu mwaka mmoja tu.

Hapa ndipo mwandishi yeyote wa nchi hii hujikuta njia panda. Akisimama kanisani, atasema kwamba siku ile walikufa mashahidi. Akisimama katika darasa la historia ya taifa, atasema kwamba siku ile wananchi waliupinga uvamizi wa wakoloni. Nimesikia masimulizi yote mawili, na kila moja huwa linanyamaza pale linapoanza lingine. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Sista Martha hakuja na bunduki, na damu yake haikuwa halali ya mtu. Waliopanda kilima siku ile nao hawakuzua adui kutoka hewani. Nchi yao ilikuwa inachukuliwa kweli, na waliokuwa wakiichukua walisema lugha moja na watu wa kilimani.

Kuna jambo moja linalotusaidia kupima. Kule Bagamoyo, misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu haikuchomwa. Vita vilipita mbele ya mlango wake, mji ukapigwa mizinga, watu wakakimbilia ndani ya uwanja wake, na Abushiri akaiacha. Si hivyo tu: mapadre wa Bagamoyo ndio walioweza kuzungumza naye, Padre Étienne Baur akiwa mbele, mpaka mateka wa Pugu wakaachiliwa kwa fidia. Misheni mbili, dini moja, kazi moja ya kulea watoto wa watumwa, umbali wa safari ya siku chache tu. Moja ikasimama, nyingine ikaungua. Kwa nini?

Jibu rahisi ni kusema kwamba Wafaransa walikuwa Wafaransa na Wajerumani walikuwa Wajerumani. Lina ukweli, lakini halitoshi. Mapadre na masista wa Bagamoyo walikuwa wamekaa miaka 20. Walikuwa wamezika watu katika kipindupindu cha 1869. Walikuwa wameangukiwa na kimbunga cha 1872 kama jirani zao. Majumbe waliwajua kwa majina, na watu walikuwa wameshajua wageni hawa wanataka nini na hawataki nini. Masista wa Pugu hawakupewa nafasi hiyo. Walifika na bendera ikafika nyuma yao kwa miezi michache, na jirani hakuwa na muda wa kutenganisha mkono unaofunga kidonda na mkono unaoandika ushuru. Ujirani haununuliwi wala hauhubiriwi. Huja kwa kukaa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hata nia njema ya mgeni, ikiwa haijakaribia watu, haimkingi siku ya hatari.

Lakini kuna wengine waliokuwa kilimani siku ile. Katika masimulizi yanayorudiwa, waliouawa hutajwa kwa majina, na ndivyo inavyopaswa. Watoto hutajwa kwa pamoja tu: watoto, waliokombolewa, yatima. Msichana aliyekwisha kunyang'anywa kwao mara moja, akauzwa, akakombolewa, akaanza kujifunza kushika sindano na kusali Salamu Maria, aliona tena nyumba ikiungua. Kwake yeye siku ile haikuwa habari ya Ujerumani wala ya Sultani. Ilikuwa mara ya pili kupoteza mahali pa kulala. Kama nyumba ya masista ilijengwa kwa ajili ya mtu, ilijengwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyepotea katika maandishi.

Vita vikaisha. Wissmann alileta askari wa kukodi, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na Wabenediktini wakaanza tena wakiwa Dar es Salaam. Kutoka hapo walielekea kusini, Peramiho mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906, na masista walikwenda pamoja nao. Damu iliwafuata huko pia. Agosti 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza, Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Ukitafakari, ni somo lile lile la Pugu lililorudiwa baada ya miaka 16: safari hii watu walikuwa wamelazimishwa kulima pamba na kulipa kodi, na msafiri mweupe njiani hakuulizwa kwanza kama alikuwa mkusanya kodi au mwalimu.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini. Mwaka 1921 walikuja Wakapuchini kutoka Uswisi, na pamoja nao Masista wa Baldegg, na wao ndio walioendeleza shule na hospitali katika jimbo la Dar es Salaam. Wabenediktini walibaki na eneo la kusini.

Sasa naomba msomaji atazame ramani ya elimu ya Kisarawe na Kibaha katika miaka iliyofuata, maana ina jambo la kushangaza. Nchi hii ndogo ilipata shule tatu kubwa ambazo majina yake yanajulikana Tanzania nzima. Minaki, Kisarawe, ni chuo cha Mtakatifu Andrea cha Waanglikana kilichohamia hapo katika miaka ya 1920 kutoka Kiungani, Unguja. Pugu ni chuo cha Mtakatifu Fransisko cha Wakatoliki, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili atumikie TANU. Kibaha ni mradi wa nchi za Nordiki, uliotiwa saini mwaka 1963 na kukabidhiwa serikali yetu mwaka 1970, wenye shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Waanglikana, Wakatoliki, na serikali za Skandinavia: watu watatu tofauti kabisa. Na wote watatu, walipojenga shule ya sekondari katika nchi ya Wazaramo na Wakwere, walijenga ya wavulana.

Msichana wa Maneromango au wa Soga alikuwa wapi? Alikuwa ndani, kwa somo wake, kama bibi yake kabla yake. Au alikuwa katika darasa dogo la misheni, akijifunza kusoma kidogo na kushona. Wazazi wengi wa huku ni Waislamu, na hawakuwa wajinga; walijua kwamba mtoto akiingia shule ya misheni aweza kurudi na jina jingine. Kwa hiyo walikuwa na sababu ya kumzuia, kama misheni ilivyokuwa na sababu ya kumtaka, na kati ya sababu hizo mbili msichana alikua bila kitabu. Aliyetaka sekondari ya Kikatoliki ya wasichana ilimpasa kwenda mbali, kwa mfano Morogoro, ambako masista wa Maryknoll kutoka Marekani walianzisha Marian College katika miaka ya 1950. Ndiyo iliyokuja kuwa Kilakala.

Ndiyo maana siwezi kuwadharau masista, hata nikiyakumbuka yote ya bendera. Palipokuwa na mtu aliyeamka asubuhi akiwa na kazi moja tu, kumfundisha msichana wa Kiafrika, mara nyingi mtu huyo alikuwa mtawa. Wengine walifundisha wasichana wakipata nafasi. Wao walikuwa hawana kazi nyingine.

Kisha likaja jambo ambalo wazee hawakulitarajia. Wasichana waliofundishwa walianza kuomba kubaki. Kule kusini, katika jimbo la Peramiho, jumuiya ya masista Wabenediktini Waafrika ilianzishwa mwaka 1938, na makao yake yakawa Chipole. Majimbo mengine nayo yakawa na masista wenyeji. Sasa mwali asiyetoka hakuwa tena mgeni wa ng'ambo wa kutazamwa kutoka shambani. Alikuwa binti wa nyumba. Baba alijiuliza juu ya mahari, mama alijiuliza juu ya wajukuu, na mjomba alijiuliza nani aliyempa binti ruhusa ya kuukatisha ukoo. Sidhani kama tumewahi kuwapa wazazi wale heshima yao. Tunawasifu masista kwa kutoa maisha yao. Mzazi aliyepiga magoti akilia usiku, kisha asubuhi akambeba binti sanduku lake mpaka kituo cha basi, naye alitoa kitu.

Mwaka 1970, kufuatia sheria ya elimu ya 1969, serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Wapo waliolalamika. Lakini kwa mzazi Mwislamu wa Kisarawe, siku ile shule ilipoacha kuwa ya misheni ndiyo siku alipoweza kumpeleka mtoto bila wasiwasi wa ubatizo, na hilo nalo ni sehemu ya haki ya historia. Masista wengi waliendelea kufundisha, safari hii wakiwa watumishi katika madarasa yaliyokuwa yao. Kuendelea kwao kufundisha ndiko kunakonionyesha kwamba walichokipenda ni watoto, wala si majengo. Baadaye mambo yakageuka tena. Mwaka 1992 makanisa na serikali walitiliana saini makubaliano juu ya huduma za elimu na afya, na shule binafsi zikaanza kuota kama uyoga. Leo, katika ukanda wa barabara ya Morogoro kutoka Kibaha kwenda Mlandizi, nyumba za watawa na shule zao si kitu cha kumshangaza mtu.

Ni shule nzuri. Zina nidhamu, maktaba, mabweni safi. Lakini shule za namna hii ni za kulipia, na mkulima wa mihogo wa Mzenga au mchoma mkaa wa Magindu hawezi kuzifikia ada zake. Wanaoingia ni mabinti wa mjini ambao baba zao wana magari. Silaumu sana, walimu hula, na paa huvuja. Serikali nayo imefuta ada katika shule zake za sekondari tangu 2016, na tangu Novemba 2021 msichana aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani, kwa hiyo mlango mwingine upo. Lakini nikikumbuka kwamba nyumba hizi zilianza katika pwani hii kwa ajili ya mtoto asiye na kwao, asiye na senti, aliyeshushwa jahazini akiwa uchi, siwezi kuacha kuuliza: mtoto yule akibisha hodi leo, ataambiwa alete risiti ya benki?

Waumini wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam huenda Pugu kuhiji. Ningekuwa na sauti, ningeomba mambo mawili. Wakiwaombea wale watatu waliouawa, wanyamaze kidogo pia kwa ajili ya watoto wasiotajwa, na kwa ajili ya jirani waliopanda kilima kwa hasira iliyokuwa na sababu. Na wakishuka, kila nyumba ya masista iliyo katika nchi hii itenge vitanda, hata viwili tu, kwa binti wa kijiji kilicho karibu nayo, awe Mkristo au Mwislamu, aingie bila ada na bila kuulizwa dini yake.

Bibi yetu wa Kizaramo hakuwa amekosea. Mwali huwekwa ndani ili atoke. Sista aweza kubaki ndani maisha yake yote, hiyo ni nadhiri yake na tuiheshimu. Lakini yeye ni somo tu katika nyumba ile. Mwali ni yule msichana, na nyumba huhesabiwa kwa wasichana wanaotoka mlangoni mwake wakiwa wamefundwa.